Ukitaka Kutumbukia, Chagua Shimo Kubwa

Ndugu msafiri, kabla hujafunga begi, njoo kwanza tusimame hapa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, tuitazame bahari. Ile miguu ya chuma iliyokita majini ni ya majukwaa ya Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ilipaa kutoka jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya Kimarekani yenye uzito wa kilo 142 hivi. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyekuwa msimamizi wa mradi, aliipa jina la siku yenyewe: Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota hadi leo, na mtu wa pwani akisoma habari za mashimo meusi ana haki ya kujisikia yuko nyumbani.

Ndiyo maana ukiniuliza namna ya kwenda shimo jeusi sianzi na chombo wala nauli. Naanza na Uhuru. Unakokwenda ni kwa kitu kisichotoa mwanga wala kuurudisha, na setilaiti ile ndiyo iliyotufunza jinsi ya kukitafuta: tazama majirani zake wanavyohangaika.

La kwanza kabisa, acha nyumbani ule uzushi wa sinema kwamba shimo jeusi ni zimwi linalonyonya kila kilicho karibu. Halinyonyi. Lina mvutano, kama huu huu unaoangusha dafu, ila uzito mkubwa mno umebanwa mahali padogo mno. Ili Dunia yetu iwe shimo jeusi ingebidi uibane yote, Kilimanjaro na Bahari ya Hindi na Nairobi pamoja na foleni zake, mpaka ienee ndani ya gololi yenye upana wa milimita 18. Jua nalo ungelibana mpaka libaki na upana wa kilomita sita, mtu mwenye miguu mizuri alizunguke kabla ya adhuhuri. Na kama usiku mmoja Jua lingeondolewa, pakawekwa shimo jeusi lenye uzito uleule, pasingekucha na baridi ingetumaliza, lakini Dunia ingeendelea kulizunguka kwa njia yake ya siku zote, mwaka kwa siku 365, bila kuvutwa hata hatua moja zaidi. Nalisema kwa mkazo kwa sababu kuna watoto wanaolala na hofu hii, na ni hofu ya bure.

Hatari huanza ukikaribia, na ukubwa wa hatari unategemea umechagua shimo gani. Hapa nisikilize vizuri. Moyo utakwambia uanze na dogo, kama mtu anavyojifunza kuogelea kwenye maji ya magoti. Moyo unakupoteza.

Dogo la mfano ni lile la kundi la nyota la Dajaja, linaloitwa Cygnus X-1. Liko umbali wa miaka-nuru 7,200 hivi na uzito wake ni mara 21 ya ule wa Jua. Tangu 1964 roketi ilikuwa imeonyesha kwamba upande ule wa anga unatoa miale mikali ya eksirei, lakini roketi za utafiti hukaa juu dakika chache tu kisha huanguka. Eksirei za angani hazipenyi hewa yetu. Anayetaka kuziona sharti apande juu ya hewa na akae huko. Uhuru ilikaa, mpaka Machi 1973. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikipekua anga kama mlinzi mwenye tochi, na ilipomulika Dajaja ilikuta eksirei zinapepesa, zinapanda na kushuka ndani ya kisehemu cha sekunde.

Kupepesa huko ndiko kulikowashtua wataalamu. Kitu kikiwa kikubwa, mwanga wa upande wake wa mbali huchelewa kufika kuliko wa upande wa karibu, kwa hiyo mabadiliko yake yote hutufikia yamelainika. Kinachopepesa kwa kasi namna ile lazima kiwe kidogo, kidogo sana kuliko nyota ya kawaida. Mwaka 1971 Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaichunguza nyota kubwa ya buluu iliyopo mahali palepale. Wakaona inayumba, inakuja na kurudi, kila baada ya siku 5.6, kama mchezaji aliyeshikana mikono na mwenzake ambaye hatumwoni. Na huyo mwenzake, kwa hesabu za wale walioendelea kumpima, alikuwa mzito kupita nyota mfu ya aina yoyote nyingine inayojulikana.

Eksirei zenyewe hazitoki shimoni. Gesi inayotoka kwenye ile nyota ya buluu haidondoki moja kwa moja. Inazunguka kwanza, kama maji yanavyozunguka tundu la sinki kabla hayajashuka. Inasuguana, inapata joto la mamilioni ya nyuzi, na ni joto hilo linalong'aa. Stephen Hawking, aliyetumia maisha yake kuyafikiria mashimo haya, mwaka 1974 aliwekeana dau na rafiki yake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Alitamani kwa moyo wote ashindwe. Mwaka 1990 alikubali kwamba ameshindwa, na mimi kila nikiikumbuka habari hiyo nafurahi kwa ajili yake.

Lakini usiende huko. Ukilikaribia umesimama wima, miguu yako iko karibu nalo kuliko kichwa, kwa hiyo miguu inavutwa zaidi. Hapa duniani tofauti hiyo ipo pia, ila ni ndogo hata mwili hauijui. Kwa shimo dogo, ungali kilomita 2,000 kutoka kwake, tofauti ya mvutano kati ya nyayo na utosi imeshazidi uzito wako wa nyumbani kama mara mia. Ubavuni unabanwa, wima unanyooshwa. Mwili unakuwa tambi, na baadaye tambi inakatika vipande, na vipande navyo vinakuwa tambi. Upeo wenyewe, ule mpaka ambao ukiuvuka hakuna kurudi, hujauona. Nauli yote hiyo imepotea, na sisi tuliokusindikiza hatuna hata cha kuhadithia.

Chagua kubwa. Lipo moja katikati kabisa ya galaksi yetu, jina lake Sagittarius A*, nyuma ya nyota za kundi la Mshale, miaka-nuru karibu 27,000 kutoka hapa. Uzito wake ni kama Jua mara milioni nne na zaidi. Kutoka katikati yake hadi kwenye upeo ni kilomita milioni 12 hivi, na kwa kuwa upeo uko mbali namna hiyo na kitovu cha mvutano, tofauti kati ya miguu na kichwa ni ndogo mno. Utavuka mzima, hata vifundo vya miguu visijue.

Hili nalo lilijulikana kwa kutazama majirani. Kikundi cha Reinhard Genzel kule Ujerumani na cha Andrea Ghez kule Marekani vilizifuata nyota zilizo karibu na mahali pale mwaka baada ya mwaka, kuanzia miaka ya tisini. Moja yao, S2, hulizunguka shimo kwa miaka 16. Mei 2018 ilipita karibu nalo kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 7,600 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungekwenda Mombasa hadi Nairobi na kurudi mara nane kabla hujamaliza kusema bismillahi. Nyota haikimbii hivyo bila kuwa na kitu kizito mno inachokizunguka, na mahali penyewe palikuwa padogo na peusi. Genzel na Ghez walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020, pamoja na Roger Penrose, ambaye mwaka 1965 alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba nadharia ya Einstein haina budi kuzaa vitu hivi.

Sasa usafiri. Chombo cha Voyager 1, kinachokwenda kilomita 17 kwa sekunde, kingechukua zaidi ya miaka milioni 400 kufika huko, kwa hiyo kisahau. Utahitaji chombo ambacho hakijaundwa, kinachoongeza mwendo bila kupumzika, kila sekunde kwa kiasi kile kile ambacho nazi huongeza mwendo ikianguka kutoka mnazini. Nusu ya njia unaongeza, nusu ya pili unapunguza. Mwendo ukikaribia ule wa mwanga, saa yako inapunguza hatua kulinganisha na za nyumbani, hata ukifika umezeeka miaka 20 tu. Huku kwetu itakuwa imepita miaka 27,000. Lipa madeni yote kabla ya kuondoka, na usiahidi kuhudhuria arusi ya mtu yeyote.

Ukiwa njiani, kwepa mahali ambapo mashimo mawili yanazungukana. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo ya LIGO kule Marekani ilinasa mtikisiko wa mawili yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Moja lilikuwa na uzito wa majua 36, la pili 29, na lililozaliwa lilikuwa la 62. Yale majua matatu yaliyopungua yaligeuka mawimbi ya anga yenyewe kwa muda usiotimia sekunde. Yalipotufikia yalikuwa yamefifia kiasi kwamba mikono ya mitambo, kila mmoja kilomita nne, ilirefuka na kufupika kwa chini ya sehemu ya mia ya upana wa protoni. Aliyesimama karibu alipata kipimo kingine.

Ukifika, utajua umefika kwa kivuli. Picha ya kwanza ya namna hii ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, ya shimo la galaksi ya M87 lenye uzito wa majua bilioni 6.5, ya hili letu ilifuata tarehe 12 Mei 2022. Zote zilitokana na darubini nane za redio zilizotazama kwa pamoja mwaka 2017, kutoka Hawaii mpaka Hispania, kutoka Chile mpaka Ncha ya Kusini. Data zilikuwa nyingi kuliko intaneti iwezavyo kubeba, zikapakiwa kwenye diski na kusafirishwa kwa ndege, na diski za Ncha ya Kusini zilisubiri mpaka majira ya baridi yaishe ndipo ndege ziweze kutua. Naipenda sehemu hiyo ya habari kuliko hata picha. Watu wa mataifa mengi walikaa miezi wakingoja sanduku la diski litoke barafuni, wapate kuona kivuli.

Kivuli hicho ni kipana mara mbili na nusu kuliko shimo lenyewe, kwa kuwa mvutano unapinda hata mwanga unaopita pembeni. Kandokando yake pana pete ya nuru. Tazama kwa utulivu. Nyota zilizo nyuma ya shimo utaziona pembeni yake, mwanga wao umezunguka kukufikia.

Sasa tunafika kwenye upeo wa matukio, ambapo wengi huchanganyikiwa, nami nataka uelewe kabla hujavuka. Umewahi kumsindikiza mtu bandarini? Jahazi linakwenda, linakuwa dogo, mwisho tanga linazama nyuma ya mstari ule ambapo maji yanakutana na mbingu. Wewe uliye gatini unauona mstari. Nahodha aliye ndani ya jahazi hajawahi kukuta kamba iliyolazwa juu ya maji. Kwake ni mawimbi yale yale, samaki wale wale. Upeo wa shimo uko hivyo: hakuna ukuta, hakuna mlango, hakuna kengele. Kuna tofauti moja tu na bandari. Jahazi linaweza kugeuza.

Hesabu ya upeo huu iliandikwa na Karl Schwarzschild, Mjerumani, akiwa mwanajeshi katika Vita Vikuu vya Kwanza. Einstein alikuwa ametoa nadharia yake Novemba 1915. Kabla ya mwaka kwisha Schwarzschild alishapata jibu kamili la kwanza, katikati ya vita. Mei 1916 alifariki kwa maradhi. Ukivuka, mtaje.

Usivuke peke yako. Mwache dada yako kwenye chombo, mbali kwa usalama, nawe ushuke na tochi, mwanga mmoja kila sekunde kwa saa yako. Mwambie ahesabu. Mwanzo atahesabu vizuri: moja, mbili, tatu. Kisha atagundua kwamba kati ya mwanga na mwanga panapita sekunde mbili, halafu tano, halafu kimya kirefu. Rangi nayo itageuka. Tochi nyeupe itakuwa ya manjano, kisha nyekundu kama kaa la mwisho jikoni, kisha itapita wekundu na macho yake hayataipata tena. Hatakuona ukivuka, asilani. Atakuona unakaribia polepole zaidi na zaidi, unafifia, na ndani ya saa moja hata vyombo vyake havitapata kitu. Mweleze mapema kwamba wewe hukupungua mwendo. Ulivuka dakika ile ile uliyotarajia, tochi ikiwaka kila sekunde, mkono ukiwa imara. Asipoambiwa hivyo atakaa huko akidhani umening'inia ukingoni unamngoja.

Ndani, kwa hesabu ya shimo lisilojizungusha, una dakika moja na kitu. Hata ufanye nini huwezi kuongeza zaidi ya hapo. Kwa nje, kitovu cha shimo ni mahali, na mahali mtu anaweza kutokwenda. Ukishavuka, kitovu kinakuwa wakati. Kipo mbele yako kama kesho ilivyo mbele yetu sisi huku, na hakuna mashua ya kukwepea kesho. Tumia dakika hiyo kutazama nyuma, kwa kuwa mwanga wa nje bado unakufikia. Nyota bado utaziona. Kisha mvutano utaanza kukunyoosha, na tambi tuliyoikimbia kule Dajaja itatimia hapa, katika sekunde ya mwisho.

Yanayotokea kwenye kitovu chenyewe hayamo katika hesabu iliyopo. Nadharia ya Einstein inafika pale inavunjika, na ile ya vitu vidogo kabisa haijaunganishwa nayo.

Halafu kuna suala la mizigo, linalowakosesha usingizi watu makini kwa takriban miaka 50 sasa. Kwa nje, shimo jeusi linatambulika kwa vitu vitatu: uzito wake, mzunguko wake, na chaji yake ya umeme. Uingie na kilo ya mchele au kilo ya misumari, uingie na barua za marehemu mama yako, aliye nje ataona uzito umeongezeka, basi. Mwaka 1974 Hawking alionyesha kwamba mashimo haya yana joto kidogo sana, na kwamba polepole, kwa miaka ambayo kwa shimo hili ukiiandika ni moja ikifuatwa na sifuri zaidi ya 80, yatatoa uzito wao wote na kwisha. Je, zile barua? Maneno yake yatatoka yamechanwachanwa ndani ya ule mnururisho hafifu, na mtu mwenye subira aweze kuyapanga tena, au yamefutika katika ulimwengu? Sheria za vitu vidogo zinasema hakuna habari inayofutika. Hawking mwenyewe alisema zinafutika, na mwaka 2004 akabadili mawazo. Mimi niko upande wa barua. Nataka zitoke.

Limebaki jambo moja, na ulifanye kabla hujaondoka. Chagua usiku wa Julai usio na mwezi, wakati wa kipupwe, mbingu imetakata. Wachukue watakaobaki uwapeleke ufukweni, saa nne na nusu usiku, wageukie kusini na kuinua macho juu. Watamwona Nge na mkia wake uliopinda. Kushoto kwa mkia, nyota za Mshale zimejipanga kama birika la chai, mpini kushoto, mdomo kulia, na Njia Nyeupe inapanda pale kama mvuke. Mdogo wako anyooshe mkono wote, aweke vidole vitatu kuanzia ncha ya mdomo wa birika kuelekea kulia, apandishe kidogo. Hapo hataona nyota ya maana, kwa kuwa vumbi la angani limeziba. Mwambie asiushushe mkono kwanza. Mwambie ndiko unakokwenda.